Jalada la Daftari la Neema

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Ihumwa, Dodoma. Haya ninayowaandikia, wasomaji wenzangu, hata mume wangu anayajua nusu tu. Nusu nyingine ndiyo inayonitia aibu...

Niliingia ualimu nikiwa na cheti cha darasa la saba. Wakati ule walimu walitafutwa kwa tochi! Kisha ikaja miaka ya soko huria, vyeti vikaanza kuulizwa, na sisi wa darasa la saba tukawa kichekesho cha ofisi ya walimu. Nikasoma kwa posta mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne. Nilikuwa na miaka thelathini na minane chuo kikuu kimoja kilipotangaza mtihani wa kuingilia kwa watu wazima. Ningesoma nikiwa nyumbani, huku nafundisha, huku napalilia mtama wangu. Nani angekataa?

Nilimshawishi mwalimu mwenzangu, Yusta, tuingie wote. Alikuwa mdogo kwangu, akiniita dada. Tulifaulu wote wawili, tukakumbatiana tukilia kwa furaha.

Masomo yalikuja kwa barua. Mimi sikuwa na sanduku la posta, lakini mume wa Yusta, mfanyakazi wa reli, alikuwa nalo mjini. "Dada, tumia letu," Yusta aliniambia. "Sanduku la ndugu yako si lako?" Kwetu hilo ni jambo la kawaida, sanduku moja hupokea barua za ukoo mzima. Nikajaza namba ile kwenye fomu bila wasiwasi.

Mwaka wa kwanza kazi zetu zilirudi na alama tu, tena baada ya miezi. Mwaka wa pili chuo kilibadilika. Kilifungua kituo mjini, mtaa wa Kikuyu, na walimu wake wakaanza kusahihisha kwa maelezo. Mmoja aliniandikia kwa wino mwekundu: "Hoja nzuri, mwalimu. Sasa nipe mfano kutoka darasani kwako." Darasani kwangu! Mtu wa chuo kikuu anataka kujua yanayotokea kwenye darasa langu la vumbi! Niliisoma karatasi ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Baada ya hapo, kimya... Kazi za Yusta zinarudi, zangu hazirudi. Nikituma nyingine, kimya. Yusta akasema ameniulizia kituoni. Akanishika mkono, akaniambia kwa upole kwamba nimeshindwa, na kwamba wale walimu wanaona haya kumwandikia mtu mzima maneno kama hayo.

Mtaniuliza, kwa nini sikwenda mwenyewe? Kikuyu ni mbali? Hapana! Ni aibu, wenzangu. Niende nikaambiwe usoni kwamba kichwa changu kimegota darasa la saba? Kikao cha kuonana na walimu kikapita, mitihani ikapita, jina langu likafutwa. Nami, mjinga wa kutupwa, nikafunga vitabu vyangu vyote kwenye khanga, nikampelekea Yusta. Nikamwambia asome kwa niaba yetu wawili. Akapokea! Na chai akanipa!

Mwaka uliofuata nilifundisha darasa la tatu, alimokuwemo Neema, binti wa Yusta. Mimi kwa usafi ni mkali. Nikatangaza kwamba Jumatatu nataka kila daftari liwe limevishwa jalada, na asiye na gazeti atafute karatasi yoyote. Jumatatu Neema akaleta la kwake, amelibandika kwa ugali. Pembe moja ugali ulikuwa umeachia. Nikaivuta kidogo ili niibandike tena... nikaona mwandiko wangu.

Nilibandua lote. Ilikuwa kazi yangu ya mwaka wa pili. Juu yake, kwa wino mwekundu, alama themanini na moja, na maneno haya: "Usikose kikao cha mwezi ujao. Nataka wenzako wausikie mfano huu."

"Umeitoa wapi hii?" nilimuuliza.

"Chini ya godoro la mama, mwalimu. Ziko nyingi."

Hapa ndipo ilipo ile nusu ya aibu. Nilichukua fimbo nikamchapa Neema mbele ya darasa zima. Mtoto wa miaka tisa, aliyefanya nilichomwagiza! Moyoni nilikuwa namchapa mama yake. Hakulia kwa sauti. Aliniuliza tu, "Mwalimu, sijabandika vizuri?"

Nilimfuata Yusta darasani kwake. Hakukana. Alisema ofisi ya elimu ingemruhusu mwalimu mmoja tu kwa kila shule kwenda mitihani, na kila karatasi zilipofika, mimi nilikuwa nimempita. "Ningefanyaje, dada?" Dada! Bado aliniita dada! Kabla ya mwezi kwisha alihamia Mvumi na watoto wake. Neema hakuniaga... angeniagaje?

Nilikwenda Kikuyu na karatasi ile ikiwa bado na ugali mkavu. Karani aliniamkia shikamoo, akasoma yale maneno mekundu, akanipa fomu mpya. Nilikodi sanduku langu mwenyewe, nikaanza upya. Nilihitimu nikiwa na miaka arobaini na saba.

Wenzangu mnaosoma ukubwani, nawasihi, barua yako ifike mkononi mwako! Ukiambiwa umeshindwa, nenda ukaambiwe na aliyesahihisha. Kuuliza si ujinga, ujinga ni ule wangu wa kukaa nyumbani na aibu. Nanyi walimu, mkishikwa na hasira, wekeni kwanza fimbo chini.

Daftari la Neema lilibaki mezani kwangu, ninalo mpaka leo. Ndani mna hesabu kumi za kujumlisha, alizofanya asubuhi ile kabla sijamwita. Tangu hapo nimesahihisha madaftari ya watoto wengi. Lile sijaweza.

Neema, kama unasoma hapa... ulikuwa umebandika vizuri, mwanangu.