Ng'ombe wa Bilinganya

Chizuru alikuwa akiosha mchele wakati harufu ya petroli ilipoingia jikoni. Hakushangaa. Tangu jana, mumewe Tetsuji alipojaza tangi, lile gari lake la zamani lilikuwa likivuja, na tangu asubuhi mwanamume mwenyewe alikuwa amelala chali chini yake, kwenye banda lililo kando ya geti. Miguu tu ndiyo iliyoonekana. Mtaa mzima ulikuwa ukikata matikiti ya wageni na kupiga soga, kwa kuwa ilikuwa siku ya mwisho ya sikukuu ya wafu, siku ya kuwaaga.

Sisi majirani tulilijua gari lile: milango miwili, rangi ya maziwa. Tetsuji alilinunua pamoja na Mitsue, mke wake wa kwanza, na Mitsue ndiye aliyekuwa fundi. Mume kazi yake ilikuwa kushika tochi. Mitsue alipofariki, Tetsuji alishika spana mwenyewe, na huko chini alilibembeleza gari kwa sauti ambayo Chizuru hajawahi kuisikia hata chumbani.

"Taratibu, bibie. Nakuumiza? Kidogo tu, vumilia."

Mke mwenza aliye hai utamtukana naye akujibu, mambo yakaisha. Aliyekufa hazeeki, hakosei, wala haunguzi wali. Kila mwaka, jioni ya kuaga, Tetsuji alikwenda na gari hilo makaburini kumsindikiza Mitsue, kiti cha pembeni kikiwa kitupu. Chizuru hakualikwa hata mara moja. Alikitaka kiti kile.

Kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha ya Mitsue, mama mkwe wake, Bi Fumi, alikuwa amepanga wanyama wawili wenye miguu ya vijiti. Mmoja alikuwa farasi wa tango, ili wafu waje mbio. Wa pili alikuwa ng'ombe wa bilinganya, ili warudi polepole, maana nani anataka mpendwa wake aondoke kwa haraka? Sasa zamu ilikuwa ya ng'ombe, naye alitazama mlangoni.

"Mama, usiwashe moto wa kuaga kwanza!" Tetsuji alipaza sauti kutoka bandani. "Petroli imejaa hapa getini. Tutalipuka sote!"

"Na bila moto wataionaje njia?" Bi Fumi akajibu. "Umebadilisha mpira wa mafuta?"

"Nimebadilisha. Nimekaza klempu zote zinazoubana. Bado linadondosha."

Bi Fumi akacheka. "Basi Mitsue hataki kuondoka. Kakupenda mno, huyo."

Ulikuwa utani wa kikongwe. Chizuru aliupokea kama kofi. Kumbe ndivyo! Gari linavuja ili moto usiwashwe, na moto usipowashwa, mwenzake anabaki. Alimsubiri Bi Fumi asinzie mbele ya feni, akaenda kwenye madhabahu. Akamwondoa ng'ombe. Akamgeuza farasi wa tango, kichwa kikaelekea nje.

"Panda huyu, dada," alinong'ona. "Ana mbio. Usimsubiri mume wangu."

Ng'ombe sasa amfiche wapi? Kwenye taka angeonekana. Chizuru alichomoa vijiti, akakata bilinganya, akaikaanga na miso, lile rojo la soya. Akaila yote, amesimama, sufuria mkononi. Ilikuwa tamu.

Muda si muda, harufu ya petroli ikakatika.

"Limekauka!" Tetsuji alitoka chini ya gari akicheka, uso mweusi kwa grisi. "Sijui nimefanya nini, lakini limekauka. Mama, washa moto!"

Jua lilikuwa linazama. Chizuru alivaa kimono chake kizuri cha kiangazi. Moyo ulimruka kwa furaha. Leo atasema, leo ataomba kile kiti. Bi Fumi akachuchumaa getini na mabua yake makavu, akatoa kiberiti.

Tone likadondoka.

Likasikika wazi, mahali pote pakiwa kimya. Nyenje walikuwa wamenyamaza. Harufu ikarudi, nzito kuliko asubuhi, ikawachoma macho.

"Mama, acha! Usiwashe!"

Tetsuji alirudi chini ya gari. Akapaka poda kwenye mpira, kwenye klempu, kwenye pampu, ili aione njia ya mafuta. Poda ikabaki kavu. Petroli ikaendelea kudondoka.

Bi Fumi alisimama taratibu. Akaingia ndani, akaenda moja kwa moja kwenye madhabahu. Alipotoka alikuwa ameshika tango.

"Nani kamwelekeza huyu nje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Chizuru alikaza mkanda wa kimono.

"Mwanangu, farasi ni wa kuja. Hajui safari nyingine. Ukimtoa nje atazunguka, atarudi na mtu wake mgongoni." Kikongwe alimsogelea. "Ng'ombe yuko wapi? Mpe ng'ombe wake aondoke. Yuko wapi?"

"Nimemla."

"Umemla?"

"Nimemla, mama."

Bi Fumi akarudi nyuma hatua moja. Alimtazama Chizuru tumboni, kisha usoni. "Masikini mwanangu," alinong'ona. "Sasa atapanda nini?"

Chizuru alihisi uzito mabegani. Ulikuja polepole. Haukuuma. Mtu alikuwa akijiweka sawa, kama mtu anavyokaa kwenye kiti alichokizoea. Alitaka kupiga kelele. Mdomo ulifunguka, lakini haikutoka kelele.

"Haitoki hapo inapodondokea," mdomo ulisema.

Chini ya gari, spana ilianguka.

"Angalia juu ya tangi," mdomo uliendelea, kwa upole. "Kwenye kipimo cha mafuta. Ule mpira wake mviringo umekauka. Ukijaza tangi mafuta yanapita hapo, yanatambaa, yanatokea kwingine. Nilikwambia siku ile, ukaniita msumbufu."

Tetsuji alitoka polepole. Alibaki amepiga magoti sakafuni. Machozi yalikuwa yakichora mistari kwenye grisi.

"Umesema nini?"

*Ni mimi,* Chizuru alilia ndani kwa ndani. *Ni mimi, Chizuru, mkeo!*

"Lete tochi," mdomo ulisema.

Naye akaleta. Akaishika kwa mikono miwili, wakati mikono ya Chizuru, ambayo haijawahi kufungua hata nati, ikifungua kifuniko, ikitoa mpira uliopasuka, ikikata mwingine, ikikaza. Petroli ikakoma. Bi Fumi aliwasha moto getini. Aliuwasha huku analia, maana alijua hapakuwa na wa kuagwa.

Kisha Tetsuji akafungua mlango wa pembeni. Alimtazama mkewe kwa macho yale ambayo Chizuru alikuwa ameyangoja tangu harusi.

"Panda," alisema. "Panda, mpenzi."

Akapanda. Mume akamshika mkono safari nzima, akamwambia mambo matamu, na kila neno Chizuru alilisikia. Alikuwa humo humo ndani, wivu ukimla mifupa, akimtazama mumewe akimpenda mwanamke mwingine kwa mkono wake yeye.

Asubuhi ulimi ulikuwa wake tena. Alimwambia Tetsuji kila kitu, akilia. Mumewe alimsikiliza kwa makini, akampigapiga mgongoni kwa adabu, kama mtu anavyompoza mgeni. Halafu akauliza, "Atarudi lini?"

Gari halijavuja tena mpaka leo, wala Chizuru hajakanyaga tena bandani. Hupita mbali nalo. Lakini kila anapoamka, kabla hajashika chochote, hukuta grisi mbichi chini ya kucha zake. Na upande wa pili wa kitanda, Tetsuji anakuwa bado amelala, akitabasamu.