Ufa Chini ya Kiti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alifuta baiskeli ya mashindano ya dada yake. Asubuhi hiyo kitambaa kilinasa. Chini ya kiti, fremu nyeusi ya nyuzi za kaboni ilikuwa imepasuka.

Dada yake alipouona ufa, uso ulimbadilika. Mashindano yalikuwa keshokutwa.

"Ni Kishindo!" Sindano alifoka. Kishindo, mtoto wa shangazi yao, aliiendesha jana. "Yule hashiki kitu kikabaki kizima!"

Kishindo akaitwa. Alifika na mswaki mdomoni.

"Umeiangusha wapi?" dada alimngurumia.

"Sijaiangusha! Nilizunguka uwanja tu, nikairudisha."

"Mwongo!" Sindano akamsukuma. "Usiguse tena vitu vyetu!"

"Usiniite mwongo, kifupa wewe!" Machozi ya hasira yalimlengalenga.

"Hebu nyamazeni," alisema mama, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa baiskeli hapo mtaani. Aliwasha tochi, akaigeuza fremu polepole. "Ingeanguka, rangi ingechubuka. Sioni mchubuko hata mmoja. Ufa umeanzia kwenye kibano cha kiti, ukashuka." Akapitisha kidole kwenye kibano, akakinusa. "Na hii grisi, nani kaipaka?"

Masikio ya Sindano yakawaka moto.

"Mimi, mama, jana jioni. Kiti kilikuwa kinalia. Nilipopaka, kikaanza kuteleza chini, nikakaza bolti."

"Kwa nguvu za mkono tu?"

"Nilichomeka bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu zaidi. Kama unavyofanya kwa baiskeli za chuma."

"Chuma huvumilia kubanwa. Hii, ukiibana hivyo, hupasuka."

Dada aliingia ndani, akabamiza mlango hadi madirisha yakatetemeka.

"Haya, mwongo nani sasa?" Kishindo aliuliza.

Sindano alikuwa bado na hasira, ila sasa hakuwa na wa kumtupia. "Si wewe," alisema. "Nisamehe."

"Hii nitampelekea fundi anayeziba fremu za namna hii," mama alisema. "Keshokutwa dada atatumia baiskeli yangu ya chuma."

"Nzito kama jiwe!" sauti ilifoka nyuma ya mlango.

"Basi mkitoka shule, nyie wawili mtaipunguza uzito. Fungueni karia, madigadi na stendi. Bila bomba!"

Kishindo alicheka. Mama hakucheka.

"Sindano, kukaza vibaya ni kosa la kutojua, nalo linafundishika. Kilichoniudhi ni kwamba ulijua umeikaza, lakini ukamrukia mwenzako kabla hujajiuliza. Siku nyingine kitu kikiharibika, tazama kwanza mikono yako, ndipo utazame ya wenzako."