Cosimo Aliyeitwa kwenye Saa Mfu

Asubuhi yalipoanza haya nilikuwa naanika nyanya. Nilizipasua katikati, nikazitia chumvi, nikazipanga juu ya mbao barazani, kisha nikakaa pembeni na kitambaa kufukuza nzi. Jua la Julai hapa Salicara halina huruma kwa mtu, lakini kwa nyanya ni zuri. Mimi shule niliiacha nikijua kuandika jina langu na kuhesabu mayai, kwa hiyo maneno ya kupamba sina. Nitasema nilichokiona kwa jirani yangu, na asiyeamini aje alale huku kwetu dirisha likiwa wazi.

Jirani yangu ni Serafina. Nyumba yake na yangu zimeegemeana kama walevi wawili. Mbele yetu kuna barabara, kisha mchanga, kisha bahari. Serafina alizaa wana wawili. Mdogo, Nicodemo, alikwenda kaskazini, Torino, kwenye kiwanda cha magari kama vijana wote wa huku. Mkubwa, Cosimo, hakwenda popote. Alikuwa na miaka saba alipoingia baharini siku ya Mtakatifu Anna, akazama. Hatukupata hata kipande cha shati. Serafina akavaa nguo nyeusi na hakuzivua tena. Watu walidhani anaomboleza. Alikuwa anangoja.

Kwetu mtoto akifa jina lake halizikwi. Atakayezaliwa baadaye katika ukoo atalibeba, nasi tunasema jina limefufuliwa. Ni desturi nzuri, ila ina sharti. Kama mwenye jina alichukuliwa na maji na maji hayakumrudisha, mrithi wake haitwi kwa jina hilo karibu na bahari. Anaitwa Nino, anaitwa Pilipili, anaitwa Kichwa-boga, chochote kile, mpaka apokee komunyo yake ya kwanza. Hili hata punguani wa Salicara analijua.

Lakini mkwe wa Serafina hakuwa wa Salicara. Ornella alikuwa mwanamke wa Torino, mke wa Nicodemo, mwenye kofia pana na chupa za mafuta ya kujipaka. Kila kiangazi walikuwa wakienda milimani kwa wazazi wake. Mwaka ule Serafina alilia kwenye simu mpaka wakamhurumia. Nicodemo angefuata baadaye, kiwanda kikifungwa katikati ya Agosti. Ornella akatangulia na watoto wawili: Marzia, binti wa miaka tisa anayetazama watu bila kupepesa, na Cosimo, miaka saba, mweupe kama jibini, nyayo laini kama siagi. Akikanyaga changarawe alikuwa analia. Nilimpa soseji yetu ya pilipili, ile laini ya kupaka kwenye mkate, akaitema na kunywa maji ya mtungi mzima.

“Mwanangu,” nilimwambia Ornella siku ya kwanza, yeye yuko barazani kwao na mimi kwangu, “huyu mvulana mkienda ufukweni mwite Nino.”

“Kwa nini, bibi? Si ana jina lake.”

“Ndiyo maana.”

Akacheka. Alikuwa na meno mazuri, yote yake. “Huku kwenu kila kitu kina shetani. Leo tu nimeambiwa tikitimaji na divai vinaua.”

“Vinaua wajinga tu. Mwite Nino.”

Serafina alikuwa kizingitini anamenya biringanya. Hakuinua uso. “Mwache, shoga. Mama amwite mwanawe kwa jina lake.” Kisha akamgeukia mkwe wake kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kinywani mwake. “Tena umwite kwa nguvu, binti yangu. Bahari ina kelele.”

Kisu chake hakikusimama hata kidogo.

Basi ukawa wimbo wa kila siku. Cosimo, usiende mbali. Cosimo, vaa kofia. Cosimo, Cosimo, Cosimo. Wanawake wa huku waliokuwa chini ya miavuli walikuwa wanakusanya watoto wao na kusogea. Ornella alidhani wanamdharau kwa kuwa ni mtu wa kaskazini. Na Serafina, ambaye kwa miaka mingi hakutazama bahari, sasa alikuwa anatoa kiti nje na kukaa akiielekea, mikono mapajani, kama mtu aliye kituoni na treni imeshapiga honi.

Ikafika siku ya Mtakatifu Anna. Siku hiyo hakuna anayeingia majini, hata mvuvi mwenye njaa. Wazee walisema bahari siku hiyo hudai mtu wake. Misa iliisha, watu wakala, madirisha yakafungwa. Ikaingia ile saa tunayoiita controra, saa mfu, baada ya chakula cha mchana, jua likiwa juu ya utosi na hata mbwa hawabweki. Watoto wote wa Salicara walikuwa kitandani. Wenye akili walikuwa wamelala. Waliobaki walijifanya wamelala.

Nikasikia mlango wa jirani. Nikatoa kichwa. Ornella alikuwa na taulo begani, watoto wameshavaa nguo za kuogelea, na Serafina anampa kikapu.

“Nendeni sasa, binti yangu. Ufukwe wote wenu.”

“Serafina,” nikasema. “Leo? Saa hii?”

“Watoto wamekuja kuona bahari. Hawakuja kuona nyanya zako.”

“Ornella, rudi ndani.”

“Bibi, pumzika,” Ornella akasema kwa upole, jinsi anavyosemeshwa kichaa. “Tunajilowesha kidogo tu, tunarudi.”

Kikapu kilikuwa wazi. Walikuwa watu watatu wanaokwenda. Ndani niliona mikate minne.

Nikaenda dirishani kwangu, nikatazama kati ya vibao. Mchanga wote ulikuwa mtupu, miavuli imefungwa na kufungiwa kamba. Bahari ilikuwa tuli, haina hata mkunjo. Mtoto akaingia mpaka kiunoni. Marzia alikataa, akakaa kwenye taulo na magoti kidevuni. Ornella alijilaza, akaweka kofia usoni.

Kwa muda hapakuwa na kitu.

Kisha Ornella akaketi na kutazama majini. Mtoto alikuwa ameenda mbali zaidi, kichwa tu kinaonekana. Akasimama.

“Cosimo!”

Hakujibu.

“Cosimo! Rudi!”

Nikaona kichwa cha pili.

Kilikuwa mbele kidogo ya kile cha kwanza. Nywele zilezile nyeusi. Hakikuruka, hakikupiga maji. Kilipanda tu, kama kizibo.

“Cosimo!” akaita mara ya tatu.

Mmoja akageuka na kuja nchi kavu. Alitembea taratibu juu ya changarawe. Hakulia.

Wa pili aliinua mkono.

Mlango wa jirani ukafunguka. Serafina akapita mbio, yeye ambaye goti lilimsumbua toka vita. Alikuwa na taulo kuukuu, la buluu, lililonukia kabati hata alipopita dirishani kwangu. Akamfunika yule aliyetoka majini, akamkumbatia, akaweka pua kwenye nywele zake.

“Mama,” nilimsikia Ornella, maana saa ile kila sauti hufika dirishani, na yake ilikuwa imekuwa ndogo. “Yule mwingine ni nani?”

“Mwingine yupi?”

“Yule. Pale.”

“Una watoto wangapi wa kiume, Ornella?”

“Mmoja.”

“Basi huyu hapa.”

Ornella aliingia baharini na nguo zake. Alifika kifuani, akapiga mbizi, akaibuka, akapiga tena. Maji yalikuwa angavu, unaona mpaka kokoto za chini. Hapakuwa na mtu. Aliliita jina lile mpaka sauti ikakauka, na kila alipolitaja, yule mtoto chini ya taulo alikuwa anajibu.

“Naam.”

“Naam.”

“Naam.”

Walikuja askari wawili kwa gari, nguo zao hazijafungwa vizuri kwa usingizi. Mkubwa wao akaandaa kalamu.

“Nani amepotea?”

“Mwanangu,” akasema Ornella.

“Anaitwaje?”

“Cosimo.”

“Na huyu?”

“Cosimo,” akajibu Serafina. Mtoto alikuwa anakula mkate wa nne, umepakwa soseji ya pilipili, nyekundu mpaka vidoleni. Alikuwa anatafuna bila hata chozi.

Askari alirudisha kalamu mfukoni. Huwezi kumtafuta mtoto aliyekaa mbele yako anakula. Mashua haikutoka. Wavuvi wasingetoka siku hiyo hata hivyo. Akamwambia Ornella jua la huku ni kali kwa watu wa Torino, anywe limau na chumvi.

Sura ilikuwa ileile, sikatai. Ukoo ule wote una uso mmoja, kama sarafu. Lakini usiku ule Ornella alinijia amembeba mtoto kwa nguvu, mtoto akining’inia kama gunia. Marzia alikuwa nyuma yake.

“Bibi, wanasema unajua kuangalia kwa mafuta. Mwangalie.”

Mama yangu alinifundisha. Unaweka sahani ya maji juu ya kichwa cha mtu, unasema maneno, unadondosha mafuta ya zeituni. Yakitawanyika, ana jicho baya juu yake. Yakikaa pamoja, hana. Nimefanya hivyo toka ujana, kwa watoto, kwa mabibi harusi, hata kwa punda.

Nikadondosha tone.

Likazama.

Lilikwenda chini kama risasi, likakaa chini ya sahani. Nikadondosha la pili. Likamfuata mwenzake. Mtoto aliinua macho akanitazama, akatabasamu, akanisemesha kwa lahaja yetu ya zamani, ile ya wazee, ambayo hata vijana wa hapa wameisahau.

“Umezeeka,” akaniambia.

Marzia alikuwa ameshika upindo wa nguo yangu. “Mkono wake una ubaridi ndani,” akaninong’oneza. “Nje joto, ndani baridi.”

Kesho yake nilimkuta Serafina kwenye kamba ya nguo, anaanika vinguo vidogo, akiimba. Akiimba, yule.

“Umefanya nini, mwanamke wewe?”

“Nimemrudisha mwanangu.”

“Na wa mwenzio?”

“Atazaa mwingine. Ana nyonga nzuri.” Akabana kibanio cha mwisho. “Wewe wanao wote wanakula mezani kwako. Usinifundishe.”

Nikarudi kugeuza nyanya zangu.

Nicodemo alifika Agosti. Aliposhuka kwenye treni mkewe alimrukia, sauti inakwaruza, amekonda, ana ngozi iliyobabuka kwa kukaa ufukweni kutwa. Nicodemo alimsikiliza mama yake kwanza, kama wanaume wa huku wote. Akasema mkewe amechoka, kijana amejifunza lahaja kwa bibi yake, watoto hujifunza haraka. Akaingia sebuleni kumkumbatia mwanawe. Mimi nilikuwa nimeleta sahani ya biringanya, kwa hiyo niliona.

Mtoto alimtazama baba yule kuanzia viatu mpaka upara.

“Umekuwa mkubwa, Nico,” akasema. “Bado unakojoa kitandani?”

Nicodemo alimwachia. Akatoka nje, akakaa ukingoni mwa barabara, akavuta sigara moja baada ya nyingine mpaka pakiti ikaisha. Asubuhi akafunga mizigo ya mkewe na binti yake. Mkewe aling’ang’ania nguzo ya kituo, akipiga kelele kwamba hawezi kuondoka mtoto yuko majini, na mumewe akambandua kidole kimoja kimoja mbele ya abiria. Marzia hakulia. Alitazama bahari kupitia kioo mpaka treni ikaingia kwenye handaki.

Yule mtoto walimwacha kwa Serafina. Ornella tulisikia yuko hospitali moja huko kaskazini, ya watu wa namna hiyo, na anakatazwa kusogelea beseni la kuogea.

Miaka imepita kadhaa. Cosimo wa Serafina anacheza barazani, anakula pilipili, anatembea pekupeku juu ya changarawe inayounguza. Hajaota jino jipya. Suruali za miaka saba bado zinamtosha, nyingine zinampwaya. Daktari anasema ni mifupa. Serafina anasema ni maziwa ya Torino aliyoanza nayo. Amenenepa, Serafina, na amevua nyeusi.

Mimi nina jambo moja tu la kuongeza. Ukuta wangu wa upande wa bahari nimeupaka chokaa mwenyewe, mweupe kama shuka. Kila mwaka, siku ya Mtakatifu Anna, saa mfu ikipita na nikafungua dirisha, nakuta alama ya maji ukutani. Ni ya mtu aliyeegemea kwa mgongo: visigino, mabega, kisogo. Inakauka na kuacha chumvi. Napaka chokaa, chumvi inatokeza tena.

Mwaka wa kwanza kichwa kilifika kiunoni kwangu. Mwaka uliofuata, tumboni. Kinapanda kila mwaka, kama mtoto yeyote aliye hai.

Mwaka huu kimenipita bega. Na safari hii hakuegemea kwa mgongo. Alama ilikuwa ya paji la uso, na pua, na viganja viwili vipana vya kijana, vimebandikwa pale ambapo ukuta wangu unakutana na dirisha la Serafina.