Kiti cha Mwamba

Kulikuwa na harufu ya udi, na hapakuwa na mtu wa kuuchoma. Deka aliisikia akishuka ngazi na ufagio wake, chini ya nyumba kuukuu ya Erdington, mjini Birmingham. Huko mchongaji mmoja, Gurmit, alikuwa amechimba mwamba mwekundu na kuufanya nyumba nyingine, yenye ukumbi, jikoni, meza na viti, vyote vya jiwe moja, ili watu wapite humo wakishangaa. Wengine wana nyumba juu ya ardhi na bado haiwatoshi. Kazi ya Deka ilikuwa kufagia mchanga, na mchanga wa mwamba ule hauishi.

Ilikuwa mwaka 2006, shule zimefungwa, hivyo alikuja na binti yake Saido, wa miaka saba. Saido alizaliwa Birmingham. Kiswahili alikielewa chote, lakini kukitamka, hata kwa peremende hukipati. Baba yake, Mahamud, hakuchoka kumtania Deka: "Mimi nilioa Msomali wa Mombasa, wewe ukanizalia mzungu!"

"Kaa hapa kwa kiti, usiguse kitu," Deka alimwambia mtoto, akimwonyesha kiti kimoja cha jiwe pale ukumbini.

"OK, Mum."

Deka akaingia jikoni kufagia. Hapo akasikia sauti yake mwenyewe, si ya kufanana nayo bali yake hasa, ikiita kutoka ndani ya ukuta wa ukumbini: "Saido! Kuja hapa, Saido!"

Huko Mombasa, marehemu mama yake alimfundisha jambo hili tangu akiwa mdogo sana: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Deka hakumfundisha Saido. Aliona haya kumtisha mtoto wa Ulaya kwa habari za majini.

Akatupa ufagio akakimbia, na kabla hajafika akasikia kile kisauti chembamba kikijibu, "Yeah, Mum? I'm coming!"

Alimkuta amekaa palepale, miguu ikining'inia.

"Mama," akasema mtoto, taratibu, kila neno mahali pake. "Nimechoka. Naomba turudi nyumbani."

Deka akamwinua, akapanda naye ngazi mbio.

Nyumbani Mahamud alifurahi hadi machozi yakamtoka. "Alhamdulillahi! Si nilikwambia Kiswahili kitatoka tu?"

"Baba Saido, huyu si mtoto wetu," Deka alimnong'oneza. "Nywele zake zanukia udi. Nimeziosha, nimeziosha, na bado."

"Muogope Mungu, Deka. Juzi ulilalamika haongei. Leo walalamika anaongea?"

Akaitwa Sheikh Abdirahim. Sheikh alisoma, na mtoto akakaa mbele yake kwa adabu, akimalizia kila aya kabla yake. Mzee wa watu alifunga msahafu akitabasamu. Mtoto amebarikiwa, alisema. Mama ndiye apumzike. Deka alilia, na waliokuwapo wakadhani ni furaha.

Kesho yake alirudi Erdington, na mtoto akang'ang'ania kumfuata, akamshika mkono njia nzima, na walipofika chini ile harufu ilikuwa nzito kiasi kwamba Deka alishindwa kuvuta pumzi, akaenda akipapasa ukuta, akabandika sikio kwenye mwamba nyuma ya kiti, akaanza kuukwangua kwa kucha mpaka damu ikamtoka na Gurmit akaja mbio kumzuia.

"Nyuma ya hapa hakuna kitu, Deka," alimwambia, akigonga kwa nyundo yake. "Sikiliza. Ni jiwe tupu."

Akaenda kumtafutia maji na kitambaa.

Ndipo ikatoka sauti, kwa mbali sana, ndani ya jiwe: "Mum? Mum, it's dark. Where are you?"

Deka akarudisha sikio kwenye mwamba. Kama ni mwanawe na asimjibu, atakuwa amemtupa gizani akimlilia. Kama si mwanawe na akajibu, atachukuliwa yeye pia, na Mahamud abaki peke yake na hicho kilichokaa nyumbani kwake. Ile sauti ikaita tena, sasa ikilia kwa kwikwi kama alivyolia Saido alipoota meno. Deka akafumba macho, akafungua kinywa.

Mkono mdogo ukajipenyeza katika wake.

"Usiitike, mama," mtoto akamnong'oneza. "Si nyanya alikufundisha?"