Suruali ya Muuza Viatu

"Usiitie majini, mama! Nakuomba, usiitie!"

Mama alishtuka, suruali ikining'inia mkononi juu ya beseni. Aliyepiga kelele ni binti yake wa miaka kumi na miwili, na kupiga kelele si kawaida yake kabisa! Mama huyo ni dobi. Chumba chao cha mbele kimejaa nguo za watu kutoka mlangoni hadi dirishani, na kila siku binti hukabidhiwa zile zenye madoa. Wino, grisi, chai, leta tu! Mtaa mzima unamwita Madoa.

Sasa, siku tatu nyuma, Jumapili asubuhi, muuza viatu wa pale kona alileta shati na suruali. Vyote vilikuwa na damu. "Nimechinja kuku, akanirukia," alisema, akacheka peke yake. Madoa hakujali. Damu anaijua: maji baridi na chumvi, maji ya moto usiguse. Kufika jioni shati lilikuwa jeupe pee! Mama akamsifu mbele ya wateja, naye kichwa kikavimba. Suruali, kwa uzito wake, ikawekwa ingoje zamu.

Kesho yake shuleni, rafiki anayekaa naye dawati moja hakuja. Baba yake, mlinzi wa ghala la viatu, alipigwa chuma kichwani na wezi usiku wa Jumamosi. Yuko hospitali, hajitambui. Madoa akamkumbuka muuza viatu na kuku wake. Damu ile!

Alimwambia mama. Mama akafunga mlango kwanza.

"Nyamaza! Shati umelifua wewe, nimelipiga pasi mimi. Nani ataamini hatukujua? Nikifungwa, utakaa na nani?"

Basi Madoa akabanwa. Akisema, anamponza mama yake. Asiposema, atamtazamaje rafiki yake? Hata chumba alikiona kimepungua, nguo zimemsogelea. Na muuza viatu hakukosa kupita: "Vipi, mtaalamu, suruali yangu tayari?"

"Bado," alijibu, akainamia beseni.

Mpaka asubuhi hii mama alipoichukua aifue yaishe.

"Shati tulifua hatujui," Madoa alisema, machozi yakimtiririka. "Hii je, mama? Leo tunajua!"

Mama akaitazama suruali, akayatazama maji. Akajitupa kwenye kigoda. "Mtoto wewe utaniua," alisema. Kisha akanyanyuka. "Haya, lete mfuko. Vaa viatu."

Kituoni, afande mmoja wa kike aliwasikiliza bila kuwakatiza.

"Mnanifunga, afande?" mama aliuliza.

"Kufua nguo ya mteja bila kujua si kosa, mama. Lakini tangu binti akuambie, umekaa kimya siku mbili. Ukijua uhalifu mzito kama huu ukauficha, ukafua hata ushahidi, sheria inaweza kukushika hata kama hukumgusa mtu. Hizo siku mbili nitaziandika zilivyo. Nitaandika pia kwamba mmekuja kwa miguu yenu, na suruali haijaloa. Hilo litakusaidia sana." Akamgeukia Madoa. "Na wewe, binti, siku nyingine nyumbani wakiogopa, mwambie mwalimu. Mtoto habebi mzigo kama huu peke yake."

Kabla ya saa sita muuza viatu alikuwa ameshikwa, katoni za ghala zimejaa chini ya kitanda chake.

Mchana Madoa alikwenda hospitali. Mlinzi alikuwa amefumbua macho! Rafiki yake akamkumbatia nusura amvunje mbavu.

"Wanasema wewe ndiye uliyesema! Ulijuaje?"

Furaha ya Madoa ikaingia baridi. Hakuna aliyemwambia rafiki yake habari za shati. Nesi akaanza kuwatoa wageni, muda umekwisha.

"Kuna kitu nilikifanya mwanzoni," Madoa alisema, akirudi kinyumenyume mlangoni. "Hutakipenda. Lakini kesho nakuja, nakueleza chote. Naapa."