Hisa za Kinu cha Njoro

Soko la Nakuru lilikuwa limefurika Jumamosi ile ya mwaka 1957. Cheptanui, fundi wa cherehani katika duka la Popat, alikuwa akipita na mfuko wa vifungo aliposikia anaitwa.

"Dada mwenye gauni la buluu! Hutaki kuwa mwenye kampuni?"

Kijana alisimama juu ya sanduku la sabuni, suti ya kaki imenyooshwa pasi, kofia ya kahawia imelazwa upande. Aliitwa Hezekiah Makokha. Yeye na wenzake walitaka kujenga kinu cha unga Njoro.

"Benki imetukataa," aliwaambia watu. "Basi tunawauzia hisa nyinyi wenyewe, bila dalali. Hisa moja shilingi ishirini. Mtaji usipotimia kufikia Desemba, kila mtu atarudishiwa pesa yake."

"Na wewe mwenyewe unauzwa ngapi?" Cheptanui aliuliza. Watu wakaangua kicheko.

"Mimi ni wa bure, mrembo. Lakini nunua hisa kwanza."

Akanunua moja.

Tangu hapo simu ya duka haikutulia. Makokha alizunguka kwa baiskeli akiuza hisa, na kila alipoona simu alipiga.

"Niko Longonot, kipenzi. Vumbi limenigeuza mzee."

"Rudi basi nikupanguse."

"Unanikumbuka?"

"Naikumbuka kofia tu."

Popat akakohoa, naye Cheptanui akaweka simu chini huku akicheka.

Cheptanui akamsemea Makokha mema kwa baba yake. Mzee Kipkemei akauza fahali, akanunua hisa kumi na tano.

Desemba ikafika. Mtaji haukutimia. Simu ikanyamaza. Sokoni wakasema Makokha amekimbilia Uganda na pesa za watu. Wiki ya kwanza Cheptanui alilia. Ya pili akaacha, na baada ya hapo hakuhisi kitu. Alishona, akala, akalala. Sindano ilimchoma kidole, akaitazama damu kama ya mtu mwingine. Baba yake hakumlaumu. Hata hilo halikumgusa.

Machi, Makokha akasimama mlangoni mwa duka. Alikuwa amekonda, suti imepauka.

"Watu mia mbili na kumi," alisema. "Wenzangu hawakutaka kuzunguka. Nimewarudishia mmoja mmoja, mpaka nyumbani kwao. Leo asubuhi nimetoka kwa baba yako. Umebaki wewe."

"Mbona mimi wa mwisho?"

"Ningeanza na wewe, nisingeondoka tena."

"Na simu?"

"Niliona haya, Cheptanui. Ulinisemea kwa mzee. Ningekwambia nini?"

Akaweka noti ya shilingi ishirini juu ya cherehani.

"Walisema umetoroka," Cheptanui alisema. "Nami niliamini."

"Mzee ameniambia."

Cheptanui akangoja moyo wake ushtuke. Haukushtuka. Aliona tu kwamba kola ya shati la Makokha imechanika, na kwamba hakuna aliyeishona.

"Sina kampuni," Makokha alisema. "Kazi sina. Nina baiskeli. Nataka kukuoa."

Gari moshi lilipiga honi stesheni. Popat akajifanya anapanga vitambaa.

"Nakubali," Cheptanui akasema. "Lakini usiniulize leo kama nimefurahi."

"Sitauliza."

"Hata kesho."

"Hata kesho."

Akamsogezea kigoda kwa mguu, kisha akarudi kukanyaga cherehani, maana gauni la mteja lilitakiwa saa kumi. Makokha akaketi, kofia magotini, akamngoja mpaka duka likafungwa.