Kasuku Amerudi Mezani

Mtaa mzima ulimwita Kasuku, maana mtoto yule alikuwa haishiwi maneno. Hata mezani aliongea, mpaka bibi yake amwambie ameze kwanza. Sasa Kasuku alikuwa kimya, na shule ilisema huenda akarudia darasa.

Baba yake, fundi seremala, ndiye aliyeyataka haya. Mtoto akifundishwa kwa lugha ya shule, alisema, basi na nyumbani kilugha ni marufuku. Sheria kali, na lugha ya shule yenyewe ilikuwa inampiga chenga hata yeye baba. Mkewe alijua salamu tu. Bibi hakujua hata salamu. Jioni walikaa wanatazamana, wakiombana chumvi kwa vidole. Nyumba ilipooza kabisa.

Siku moja mwalimu wa Kasuku alifika karakana kuagiza rafu. Fundi alikuwa ametoka kununua mbao. Nyuma ya mlango, Kasuku na bibi walikuwa wananong'ona kwa kilugha.

"Ubao huu nataka vipande vinne vilivyo sawa," bibi alisema. "Tufanyeje, mjukuu wangu?"

"Tuupime kwa kamba, bibi. Tuikunje nusu, halafu nusu tena. Kila kipande ni robo."

"Na robo mbili?"

"Ni nusu. Hilo nalo swali?"

Mwalimu, ambaye naye alikijua kilugha hicho, alisogea kusikiliza. Mara fundi akaingia na mbao begani.

"Kasuku, nilisema nini kuhusu kilugha?"

"Mwache, Baba Kasuku," mwalimu alimwambia. "Asubuhi nilimuuliza swali hilohilo darasani, akainamisha kichwa. Nikadhani hesabu imemshinda. Kumbe anaijua vizuri, ila hana maneno ya kuisemea kwa lugha ya shule."

"Ndiyo maana nikakataza kilugha, mwalimu. Apate hayo maneno."

"Atayapata kwa nani humu ndani? Umemnyang'anya alichonacho kabla hajapata kingine. Mtoto akielewa jambo kwa lugha yake, kazi iliyobaki ni ndogo. Anajifunza tu jinsi ya kulisema kwa lugha ya pili."

"Lugha mbili hazitamchanganya?"

"Wewe una msumeno na randa. Vinakuchanganya?"

Fundi alizitua mbao chini. Alimtazama binti yake, roho ikamuuma.

"Na darasa, atarudia?"

"Kesho aje na kamba yake. Ataeleza kwa kilugha kwanza, kisha nitampa maneno ya shule. Ninyi huku nyumbani ongeeni naye, msimulieni, bishaneni naye. Hiyo ndiyo kazi yenu."

Kasuku alikwenda na kamba. Alieleza, akakunja, akarudia kwa lugha ya shule. Wenzake waliokuwa hawajaelewa nao wakaelewa. Muhula ulipokwisha, alipanda darasa.

Jioni ya siku ya kufunga shule alisimulia kila kitu, chakula kikiwa mdomoni. Alisimulia kwa kilugha, akamfundisha bibi maneno ya shule, bibi akayakosea, wakacheka. Baba alitaka kumwambia ameze kwanza. Akamwacha aongee.